Kikwembe cha Pili

Maman Émerence alikataa kiti. Alisimama katikati ya sebule ya André Kitenge, Biblia kwapani, kitambaa cha kichwa kimefungwa barabara, na kikombe cha maji alicholetewa akakiacha mkononi mwa mwenye nyumba. Nyuma yake Kaumba, msaidizi wake katika darasa la mabinti, alikuwa amekwisha kukaa, amekwisha kunywa ya kwake, na sasa alikuwa akitazama mahali mvua ilipotoboa dari.

"Baba André, hatukuya kwa ubishi," alisema Émerence. "Tulikuya juu ya mutoto. Masengo anafunga bikwembe mbili."

André, mtu wa reli tangu ujana wake na mzee wa kanisa la Betania, alicheka kwanza. "Maman, kama iko na mbili, si njo muzuri? Weye njo unabafundisha bajifunike."

"Baba, usijifanye mugeni," alisema Kaumba.

Hapo André aliacha kucheka. Pale Kamina hakuna asiyeisoma nguo hiyo. Binti hufunga kikwembe kimoja. Siku akiolewa, mama yake humfunga cha pili kiunoni, juu ya cha kwanza, na tangu hapo barabara nzima inajua kwamba huyo ni mwanamke wa nyumba ya mtu. Binti asiyeolewa akionekana na cha pili, watu hawajisumbui kuuliza. Kuna tumbo linafichwa, au kuna mwanamume aliyeingia kwa mlango wa nyuma.

"Mutoto yangu hana tumbo," alisema André.

"Minyi pia nilisema vile." Sauti ya Émerence ilishuka. "Baba, kama iko binti moja pale Betania anajua kupiga magoti akipatia mukubwa maji, anajua kupika bukari bila madonge, anajua kusema sauti ya chini, njo Masengo. Juu ya ile njo inaniuma. Siku ya Mungu moja, nikanyamaza. Siku ya Mungu ya pili, tena mbili. Bantu banasema. Na weye unajua Élisha, muchumba yake, ni mutoto ya kaka yangu."

Hakuhitaji kuendelea. Pasaka ilikuwa wiki ile ile. Siku ya Pasaka mabinti waliomaliza darasa husimamishwa mbele ya kanisa, akina mama wanawawekea mikono, na baada ya hapo ndipo familia ya mchumba hutoa mali. Bila kusimama, hakuna mali. Bila mali, hakuna ndoa. Na binti aliyeondolewa kwenye mstari ule, hata awe amezeeka, watu wa kambi ya reli watamwonyesha kwa kidole na kueleza sababu.

"Sasa munataka nini?" André aliuliza.

"Siku ya posho, kesho yake ikiwa Pasaka, muchana, aende pale nyuma ya kanisa. Tutakuwa bamama batatu tu. Atafungua kikwembe ya juu, tutamwangalia. Kama iko safi, Pasaka atasimama wa kwanza, na minyi mwenyewe nitafunga midomo ya bantu. Kama anakatala..."

"Kama anakatala, ni kusema iko na kitu," Kaumba alimalizia, akainuka, akajipangusa. "Aksanti kwa maji, Mama Germaine. Lakini weye pia, ulibakia na kikwembe moja sawa binti. Munabadilishana?"

Germaine, mke wa André, alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekanyagwa na kuombwa radhi hapo hapo. "Ni joto, Yaya."

Émerence hakuwa mwanamke mbaya. Alikuwa ameona mabinti wa darasa lake wakipotelea kwenye baa za karibu na stesheni, wakirudi na watoto wasiojua baba zao, na kila mmoja alimlilia kama wa tumbo lake. Aliogopa. Na mtu mwenye hofu hukamata kwa nguvu kile kilicho karibu na mkono. Kilichokuwa karibu na mkono wake kilikuwa kikwembe cha Masengo.

*

"Kuya hapa," André aliita.

Masengo alitoka nyuma ya pazia. Alikuwa na miaka kumi na minane, mrefu kama baba yake, na alipopiga magoti mbele yake hakufanya hivyo kwa woga. Alilipenda darasa la Maman Émerence. Alipenda kujua kwamba mwili wake si tangazo, kwamba atamfungulia mtu mmoja mlango wa nyumba yake na wengine watabaki barabarani. Wasichana wenzake wa shule walimcheka kwa sketi yake ndefu, naye aliwacheka pia, kwa moyo mweupe. Hakuna aliyekuwa amemlazimisha.

"Uko na mimba?"

"Hapana, Papa."

"Uko na muntu?"

"Ni Élisha tu, na hajanigusa hata mukono."

"Basi kikwembe ya pili ni ya nini?"

Masengo alimtazama mama yake. Germaine alikuwa akifuta meza ambayo haikuwa na uchafu.

"Minakuuliza weye, usiangalie mama yako!"

"Nilisikia baridi, Papa."

Nje jua lilikuwa likichemsha mabati. André alitazama mlango uliojaa mwanga, akamtazama tena binti yake, na usoni mwake kitu kikafungwa. Mtoto huyu hakuwa amewahi kumdanganya, na uongo wake wa kwanza ulikuwa mbovu kiasi hiki.

"Siku ya posho utaenda," alisema. "Utafungua. Minyi mwenyewe nitakaa inje pale kwenye benchi, na kila muntu wa Betania apite anione. Kama uko safi, hauna cha kuogopa."

Alivaa koti lake, akatoka, na mkewe na binti yake wakabaki wamesimama kama watu walioachwa na treni.

*

Jikoni, Germaine alitwanga sombe kuliko ilivyohitaji kutwangwa. Majani yalikuwa yamekwisha kuwa uji wa kijani, naye bado alikuwa akipiga.

"Mama, wacha nimuambie."

"Utamuambia nini?"

"Kama kikwembe yangu inaonesha."

Huo ndio ulikuwa ukweli wote, na ulikuwa mdogo hivyo. Kikwembe cheupe cha darasa, ambacho kila binti alipaswa kukivaa siku ya Mungu, Masengo alikuwa nacho kimoja. Kilikuwa kimefuliwa na kuanikwa mpaka kikawa chepesi kama ngozi ya kitunguu. Siku moja alisimama na kwaya mlangoni mwa kanisa, jua likiwa nyuma yake, na vijana wa benchi la nyuma wakaanza kusukumana viwiko. Germaine aliona kutoka viti vya akina mama: miguu ya binti yake yote miwili ilikuwa imechorwa ndani ya kitambaa, mpaka juu. Masengo mwenyewe hakujua. Alikuwa akiimba.

Siku ya Mungu iliyofuata, kabla hawajatoka nyumbani, Germaine alifungua kikwembe chake cha juu, kile cha heshima ya ndoa yake, akamfunga binti yake. Alijua watu watasema. Alifikiri watasema kidogo.

"Ukisema yako inaonesha, bataniuliza minyi," alisema sasa. "Batasema, Germaine, mama muzima, hauna kikwembe ya kumupatia mutoto? Malle yako iko na nini?"

"Iko bule, Mama. Minyi niliiona."

"Nyamaza."

Malle ilikuwa chini ya kitanda, sanduku la bati lenye kufuli. Zamani ilifungwa kwa kukaliwa, kwa jinsi vikwembe vilivyojaa. Mwaka uliopita, André alipopasuliwa tumbo hospitalini na kidonda kikamkataza kuinama kwenye kazi ya kukaza reli, Germaine alivitoa kimoja kimoja chini ya kanga ya kubebea mtoto wa jirani, akaviuza sokoni kwa wanawake wasiomfahamu. Kwa mumewe alisema pesa zimetoka Bukama, kwa mdogo wake Umba anayeuza samaki. André alilia siku ile. Tangu hapo, kila msafiri wa Bukama alibebeshwa salamu za shukrani kwa shemeji, na Umba, ambaye hakuwa ametoa hata mkia wa samaki, alizipokea akishangaa.

"Papa yako alitembea na kichwa juu maisha yake yote," alisema Germaine. "Leo bakimuambia tumbo yake ilishonwa na bikwembe ya bibi yake, na mutoto yake anaenda uchi kanisani juu yake, ataishi aje?"

"Na minyi nitaishi aje, Mama?"

Mchi ulisimama. Germaine alikaa chini kando ya kinu, akashika kichwa, na Masengo akaja akachukua mchi mikononi mwake, akamalizia kazi, kwa sababu wadogo zake walikuwa na njaa na jua lilikuwa linaondoka.

*

Kufika Alhamisi hakukuwa tena na haja ya kunong'ona. Pale bombani, ndoo zilipopangwa mstari, Kaumba aliinua mkono kama polisi wa barabarani.

"Mumupishe mama mukubwa! Muntu wa bikwembe mbili hasimame kwenye jua!"

Wanawake walicheka. Wengine walicheka kwa sababu ilichekesha, wengine kwa sababu Kaumba akikuona hucheki, kesho ni zamu yako. Masengo aliinamisha kichwa na kubaki mahali pake kwenye mstari.

"Aksanti, Tantine. Nitangoja."

"Munasikia? Sauti ya chini! Darasa ilimufundisha muzuri. Tumbo tu njo haikusikia masomo."

Kulikuwa na wimbo wa darasa la mabinti, ambao Masengo aliuongoza kila Jumapili:

*Binti wa nyumba ya Bwana,*
*vazi lako ni heshima;*
*ukipita, wenye macho*
*wajue umelelewa.*

Watoto waliokuwa wakicheza kwenye tope la bomba walikuwa wamekwisha kuugeuza. Nani aliwafundisha, haikujulikana. Walimfuata na ndoo yake kichwani mpaka kona ya kambi, wakipiga makofi:

*Binti wa nyumba ya Bwana,*
*kikwembe kimezaana;*
*jana kimoja, na leo*
*tunahesabu viwili!*

Maji yalimmwagikia usoni. Ilikuwa afadhali, kwa sababu hakuna aliyeweza kusema yapi ni ya bomba.

Na Germaine alipopita sokoni na kikwembe chake kimoja, muuza mihogo alimshika mkono kwa huruma ya kweli, akamuuliza kama mumewe amemfukuza.

*

Élisha Mwamba alikuja Ijumaa Kuu, baada ya ibada, akaizima pikipiki yake kabla ya kufika ili André asisikie. Alikuwa kijana mpole aliyebeba abiria toka stesheni, na pikipiki yenyewe ilikuwa imenunuliwa na shangazi yake. Alisimama upande wa pili wa ukuta wa matofali, Masengo upande huu, kama desturi ilivyotaka.

"Tantine anasema ni kidogo tu," alianza. "Unaingia, unafungua, bamama banaangalia, inaisha. Sawa kwa munganga."

"Weye unaamini niko na tumbo?"

"Minyi? Hapana! Nisingekuya."

"Kama unaamini hapana, ulisema vile mbele ya Tantine?"

Élisha alikwaruza matofali kwa ukucha. "Nilisema... nilisema tungojee."

Masengo, kwa sababu huyu alikuwa mtu ambaye angemfungulia mlango wa nyumba yake, alimwambia yote. Alimwambia habari ya kitambaa, ya jua, ya vijana wa benchi la nyuma, ya malle. Alisema akitazama chini, na alipomaliza alisikia kicheko.

"Njo ile tu?" Élisha alikuwa akicheka kwa nafuu, macho yamelowa. "Masengo! Umasikini tu? Nani hana? Sema, basi! Nitaenda kumuambia Tantine sasa hivi."

"Ukimuambia, siku hiyo hiyo Kaumba anajua, na siku ya Mungu batapitisha kikapo ya sadaka mbele ya kanisa juu ya jamaa ya André Kitenge. Papa yangu njo anashikaka ile kikapo, Élisha. Anaipitisha kwa bengine. Unataka ipite mbele yake na jina yake ndani?"

Kicheko kilikwisha.

"Basi ufungue tu," alisema polepole. "Baone kikwembe mubaya, baone tumbo haiko, banyamaze."

"Nifungue ile kitu nilifunika, juu baamini kama ninajifunika?"

"Minyi sijue kusema sawa weye."

"Kesho utakuya?"

"Nitakuya. Nitasimama pale inje na Papa yako. Minakuapia."

"Usiape. Kuya tu."

Aliisukuma pikipiki mpaka kona ndipo akaiwasha.

*

Chumba kilichokuwa nyuma ya kanisa la Betania kilitumika kuwekea ngoma na viti vilivyovunjika. Dirisha lilikuwa tundu lisilo na kioo. Chini ya tundu hilo, nje, palikuwa na benchi, na kwenye benchi André Kitenge alikuwa amekaa tangu kabla ya saa, koti limefungwa vifungo vyote, mikono juu ya magoti, ili kila mtu wa Betania apite amwone, kama alivyosema. Walipita. Walimsalimu. Wengine walirudi wakapita tena.

Kila pikipiki iliyonguruma barabarani, Masengo aliinua uso. Zote zilipita.

"Hatukungojee muntu," alisema Kaumba. "Élisha alibeba muteja wa Bukama tangu asubui."

Masengo alisimama mbele yao na vikwembe vyake viwili. Germaine alikuwa pembeni, karibu na ngoma. Mama wa tatu, mzee asiyesikia vizuri, alikuwa ameletwa kwa sababu desturi ilitaka watatu.

"Mwanangu," alisema Émerence, ambaye hakuwa amelala. "Fungua. Fungua haraka tumalize hii mambo, twende tupambe kanisa. Minyi njo wa kwanza kutaka uwe safi."

"Minyi niko safi, Tantine."

"Basi fungua."

"Hapana."

Kaumba alipiga makofi mara moja. "Tuliona! Muandike, imekwisha!"

"Wacha aseme," alisema Émerence.

"Tantine, weye njo ulinifundisha." Masengo hakupandisha sauti hata sasa. "Ulituambia mwili ya binti haiangaliwe na kila muntu anataka kuangalia. Haukusema isipokuwa bamama. Haukusema isipokuwa siku bantu banasengenya. Minyi nilishika ile neno. Nilikuwa na furaha kuishika. Leo munataka niitupe ndani ya chumba ya ngoma, na kesho muniwekee mikono juu niliishika?"

Maneno yalikuwa ya Émerence mwenyewe, na yalimrudia yakiwa na meno.

"Mutoto anakushinda na mudomo," alisema Kaumba. "Tumbo haishindwe na mudomo. Minyi nitaifungua!"

Akanyoosha mkono kuelekea fundo. Masengo alilishika kwa mikono miwili. Walivutana, mwanamke mzima na binti, bila neno, pumzi tu, na ngoma moja ikaangushwa na mguu ikalia.

"Wacha!" Germaine alikuwa amepiga magoti. "Wacha, Yaya, minakuomba! Ile kikwembe ni yangu! Minyi njo nilimufunga! Ya chini inaonesha. Inaonesha miguu yote, bijana balimucheka pale mulangoni, na minyi sina ingine. Sina! Malle yangu iko bule. Niliuzisha yote juu ya tumbo ya baba yake. Umba hakutoa kitu. Niliuzisha yote, nikaongopa. Sasa munajua. Mumuache mutoto."

Hapo alikumbuka dirisha. Alijiziba mdomo, lakini alikuwa amekwisha kusema.

Nje, benchi halikulia.

"Maskini," alisema mama mzee, ambaye kwa bahati mbaya alikuwa amesikia.

Émerence aliketi juu ya ngoma. Angeweza kuinuka wakati ule, akamkumbatia Germaine, na mambo yakaisha. Aliujua ukweli alipousikia. Lakini Kaumba alikuwa amesimama pale, na nyuma ya Kaumba walikuwepo wa bombani, wa sokoni, na ukoo mzima wa Élisha, nao wangemuuliza: uliona kwa macho?

"Kama ni vile, Mama Germaine," alisema kwa upole, na upole huo ulikuwa mchungu kuliko kelele za Kaumba, "basi mambo ni mwepesi. Afungue tu, tuone ya chini inaonesha. Tukiona, tunashuhudia. Mudomo peke yake, bantu hawatakubali."

Germaine alimtazama bila kuelewa. Alikuwa ametoa kila alichokuwa nacho, na sasa alikuwa akiambiwa hakitoshi.

Masengo alilegeza mikono. Alimwona mama yake magotini katikati ya viti vilivyovunjika, akaona kwamba hakuna tena kitu cha kulinda. Vidole vyake vilianza kulitafuta fundo.

"Wacha vile," ilisema sauti ya baba yake.

André alikuwa mlangoni. Wanaume hawaingii katika chumba ambamo akina mama wanamwangalia binti. Hakuna mtu wa Betania aliyewahi kufanya hivyo, na Kaumba alitoa sauti ya mtu aliyeona nyoka. Hakumtazama Kaumba. Hakumtazama mkewe pia, si wakati huo. Alisimama mbele ya binti yake, akiwa kati yake na wale mama.

"Bamama munataka kuona," alisema. "Mulisema mudomo haitoshe, munataka macho. Iko muzuri. Lakini mulikosea muntu. Mutoto hakufanya umasikini. Mama yake hakuufanya. Mwenye nyumba ni minyi."

Akaanza kufungua vifungo vya koti. Alifungua polepole, kwa sababu vidole vyake vilikuwa vidole vya chuma na mawe na vifungo vilikuwa vidogo. Germaine alisema, "Baba, hapana," na André aliendelea. Akalivua koti, akalikunja, akaliweka juu ya ngoma nyingine. Kisha akageuka, akawapa mgongo.

Shati la mzee wa kanisa lilikuwa na kola nyeupe, lilikuwa na kifua na mikono. Mgongo haukuwepo. Ulikuwa umekwenda kwenye viraka vya kifua na vya kola, kipande kwa kipande, na kilichobaki nyuma ni mbavu zake, uti wa mgongo, na jasho. Kwa muda gani alikuwa amepitisha kikapo cha sadaka kati ya viti akiwa hivyo, chini ya koti, katika joto la Kamina, ni yeye na mkewe tu waliojua.

"Muangalie," alisema kwa ukuta. "Muangalie muzuri. Muende muambie bantu muliona kwa macho."

Kaumba alikuwa akitazama, kinywa wazi. Mama mzee alikuwa akitazama. Masengo alikuwa ameuficha uso wake.

Ndipo Émerence aliinuka kwenye ngoma. "Mugeuke," alisema.

"Nini?" Kaumba hakumsikia.

"Nilisema mugeuke! Macho kwa ukuta! Hatukufundishwa?"

Wakageuka. Kaumba, mama mzee na Émerence mwenyewe, wanawake watatu wakasimama wamebandika nyuso kwenye matofali, Biblia ya Émerence imekandamizwa kifuani, kama watoto walioadhibiwa shuleni. Nyuma yao walisikia Germaine akiinuka. Walisikia kitambaa cha koti kikikunjuliwa, na sauti ya Masengo, ya chini kama siku zote, ikisema, "Mukono hii, Papa. Sasa ile." Walisikia vifungo vikichelewa.

"Masengo," alisema Émerence kwa ukuta. "Kesho utasimama wa kwanza. Na bikwembe yako yote mbili. Minyi nitasema mbele ya kanisa nzima. Kwa kaka yangu pia nitasema. Unasikia, mwanangu?"

Hakujibiwa. Alingoja. Kanisani vijana walikuwa wamekwisha kuanza kupanga matawi na mazoezi ya nyimbo za ufufuo.

"Pasaka ya muzuri, bamama," ilisema sauti ya André, kwa adabu yote aliyokuwa nayo, na nyayo za watu watatu zikatoka, zikapita chini ya dirisha, zikapita benchi, zikaenda.

Wale watatu walibaki hivyo. Jua lilikuwa limeingia kwa tundu la dirisha likiwachoma migongo, na jasho lilikuwa likiwateremka chini ya vikwembe vyao vya heshima.

"Tantine Émerence," alinong'ona Kaumba mwishowe. "Banaenda. Tugeuke?"

Émerence hakumwambia ageuke, wala hakugeuka.